Gurudumu Likianza Kulia

Mwenzenu nilipotea, na si kwa kupenda. Kulikuwa na testi mbili zilizofuatana, boom likachelewa kama kawaida yake, halafu katikati ya vurugu hizo nikapigiwa simu kwamba bibi amefariki Morogoro. Nilikwenda, tukazika, nikarudi. Asanteni wote mlionitumia pole, ujumbe wenu niliusoma hata kama sikujibu.

Leo nataka niwasimulie kitu kilichonipata njiani, na kilichonifanya nibadilishe mada ya asaimenti yangu ya historia. Mwalimu alitwambia tuchague kitu kimoja kidogo, kile kitu ambacho hakuna anayekitazama mara mbili, tuandike kimetoka wapi. Wenzangu walikimbilia khanga na karafuu, mmoja akachukua Reli ya Kati (sijui ile ina udogo gani). Mimi nilikuwa nimejiandikisha chumvi. Sasa naandika beringi ya gurudumu. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye ni mtu wa uhandisi, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mtu wa historia na beringi wapi na wapi.

Ngoja niwaeleze.

Tulitoka Dar alfajiri kwa gari la mjomba, Corolla ya zamani ambayo ndiyo imesomesha nusu ya ukoo wetu kwa kazi ya teksi. Ndani tulikuwa watano: mjomba kwenye usukani, mama mdogo mbele, nyuma mimi na binamu wawili, na buti imejaa mchele na sufuria za msibani. Kuanzia Kibaha nikawa nasikia sauti. Sio kelele ya kutisha. Ni mvumo tu, wuuuuu, kama ndege iliyo mbali. Tukiingia kijijini, kwenye kibao cha 50, sauti inashuka na karibu kupotea. Tukitoka kijijini mjomba akakanyaga, inapanda nayo. Nikasema, "Mjomba, unasikia hiyo?" Akajibu, "Ni tairi hizo mwanangu, zimeisha upande." Akaongeza redio.

Ukweli ni kwamba hata mimi niliamini ni tairi. Kilichonitia wasiwasi ni kona. Tukikata kulia sauti inakua nzito, inakuwa kama mtu anakoroma chini ya miguu ya mama mdogo. Tukikata kushoto inapungua. Nikawa nahesabu kona kimyakimya, maana mjomba ni mkubwa kwangu, na siku ya msiba humwambii mkubwa mara tatu tatu kwamba gari lake bovu. Hapo ndipo ningefanya kosa langu, kunyamaza. Aliyetuokoa ni mama mdogo. Karibu na Chalinze alisema yeye anashuka kununua maji na hapandi tena mpaka fundi aitazame hiyo kelele iliyoko miguuni kwake. Mama mdogo akisema hivyo, hakuna mjadala.

Fundi alikuwa mzee wa makamo chini ya mwembe, hana hata kibao. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaja. Hakufungua kitu. Alisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kushoto bila kuigusa, kisha akaenda kufanya hivyohivyo kulia, akarudi kushoto. Akasema, "Kaeni kwanza, ipoe." Rimu ya kushoto ilikuwa inatoa joto kama pasi. Ya kulia ilikuwa vuguvugu tu, joto la breki la kawaida.

Ilipopoa akapiga jeki, akaweka jiwe la usalama chini, akashika tairi mkono mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa. Likacheza. Ko, ko, ko. Akamwita mjomba akanyage breki, akatikisa tena, mchezo ukapotea. Akasema kama ungebaki, angehangaika na miguu ya chini ya gari, boljointi na wenzake, lakini kwa kuwa breki imeuziba basi ugonjwa uko ndani ya habu. Halafu akaweka vidole juu ya springi na kulizungusha tairi taratibu kwa mkono wa pili. Akanivuta mkono wangu nami nishike. Wadau, ile springi ilikuwa inatetemeka kama inasaga mchanga. Kwenye gurudumu la kulia springi hiyohiyo ilikuwa kimya kabisa.

Vijana wake walipoitoa ile beringi, kizimba kinachozitenganisha gololi kilikuwa kimekatika vipande. Gololi zenyewe zimegeuka bluu kwa moto na njia yake imechimbika mashimo. Mjomba hakusema kitu. Aliondoka, akaenda kukaa peke yake upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu. Baadaye alikiri kwamba beringi ile aliibadilisha miezi mitano tu kabla, duka fulani likamuuzia iliyotumika ikiwa imesafishwa na kupakwa grisi mpya. Alilipa bei ya mpya.

Sasa tuingie kwenye historia, maana ndiyo iliyonileta.

Neno lenyewe gololi wengi wetu tumelijua kabla ya kujua beringi. Tumezicheza kwenye vumbi, na za chuma zilizotoka gereji ndizo zilikuwa mali. Wengine tulitengeneza vigari vya mbao kwa beringi zilizokufa na kuteremka navyo mlimani tukiwaamsha majirani. Kumbe wazo la kuviringisha badala ya kuburuza ni la kale mno. Kwenye ziwa Nemi, Italia, maji yalianza kupunguzwa mwaka 1928 ili kuzitoa meli mbili za mfalme Caligula wa Roma, za karne ya kwanza. Ndani yake kulikutwa mabaki ya jukwaa la mbao lililokuwa likizunguka juu ya gololi za shaba. Meli hizo ziliungua mwaka 1944 wakati wa vita. Leonardo da Vinci naye, miaka ya 1490, alichora gololi zilizotenganishwa ili zisisuguane zenyewe kwa zenyewe. Daftari lenye michoro ile lilipotea ndani ya maktaba ya taifa ya Madrid, likaja kuonekana tena miaka ya 1960. Kwa hiyo watu wengi waliogundua jambo hilohilo baada yake hawakumwibia, hawakujua tu.

Gurudumu la kawaida, kwa karne zote hizo, lilikuwa ni tundu kuzunguka ekseli, mbao juu ya mbao au chuma juu ya chuma, na mafuta ya mnyama katikati. Mafuta yakikauka gurudumu linalia na kila mtu barabarani anajua. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa huu katika historia, sikio. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, kule Wales, alipata hataza ya kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la farasi. Haikuenea. Gololi za wakati ule hazikuwa sawa kwa ukubwa, na gololi moja ikizidi wenzake kidogo tu ndiyo inabeba mzigo wote peke yake mpaka ipasuke.

Aliyeipeleka mbele ni baiskeli. Mwaka 1869 fundi baiskeli wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya beringi za gololi. Novemba mwaka huohuo Mwingereza James Moore akashinda mbio za Paris hadi Rouen, kilomita 123, juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Alitumia zaidi ya saa 10, msicheke, barabara zilikuwa mbovu na tairi hazikuwa na upepo. Kisha mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer akatengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe duara kamili na sawa kwa wingi. Mimi nikiulizwa historia ya beringi inaanzia wapi, nasema hapo, si kwa Leonardo. Kuchora ni jambo moja. Kupata gololi 1,000 zinazofanana ni jambo lingine.

Ule mji ulikuja kulipa. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Wamarekani walijua kwamba ndege, vifaru na malori ya Wajerumani vyote vinazunguka juu ya beringi, na sehemu kubwa inatoka Schweinfurt. Tarehe 17 Agosti 1943 walituma ndege Schweinfurt na Regensburg, wakapoteza 60. Tarehe 14 Oktoba wakarudi na ndege 291, wakapoteza nyingine 60 na watu wapatao 600 hawakurudi. Viwanda viliumia, ila Wajerumani walivitawanya na wakaendelea kupata beringi kutoka nje, ikiwemo Sweden. Waingereza nao walikuwa wakinunua hukohuko Sweden, wakizisafirisha usiku kwa ndege za Mosquito mpaka Uskoti. Nikikumbuka kile kipande kilichokatika mikononi mwa fundi, naona ajabu kwamba mamia ya watu walikufa angani kwa ajili ya kitu hicho.

Gari lilihitaji kitu zaidi ya gololi, kwa sababu likikata kona mzigo hausukumi chini tu, unasukuma pembeni. Henry Timken, mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis mwenye asili ya Ujerumani, alipata hataza mwaka 1898 ya beringi ya vipande vilivyochongoka kama koni, vinavyobeba mzigo wa chini na wa pembeni kwa pamoja. Malori na matela mengi yanatumia aina hiyo hadi leo. Na Sweden mwaka 1907 Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo Gothenburg, alichoshwa na beringi kufa kwa sababu jengo limekaa juu ya udongo unaotitia na ekseli zinapinda. Akatengeneza beringi inayojinyoosha yenyewe, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Kampuni hiyo mwaka 1915 ilisajili jina la beringi, Volvo, yaani kwa Kilatini "ninaviringika". Gari la kwanza lenye jina hilo lilitoka kiwandani Aprili 1927. Kwa hiyo Volvo ilikuwa beringi kabla ya kuwa gari, na hii nimeshaitumia kushinda soda mbili kantini.

Lakini swali langu ni lile la mama mdogo: unajuaje kwamba imekufa kabla haijakuua? Hili nalo lina historia yake, na walioisumbukia zaidi ni watu wa reli. Ekseli za treni za zamani zilikaa juu ya shaba ndani ya kisanduku kilichojaa nyuzi za pamba zenye mafuta. Mafuta yakiisha kisanduku kinachemka, kinafuka moshi, mwisho ekseli inakatika. Wafanyakazi wa treni za mizigo Marekani walikuwa wakichungulia kwenye kona, ambako treni nzima inaonekana, wakitafuta moshi. Waingereza walitumia pua. Treni ya mvuke Mallard ilipovunja rekodi tarehe 3 Julai 1938, kilomita 203 kwa saa, ndani ya beringi moja kubwa iliyoogopewa kwamba haitahimili kulikuwa na kichupa chenye harufu kali. Beringi ikichemka kichupa kinapasuka na dereva ananusa. Na kweli beringi hiyo ilichemka siku ileile.

Baadaye zikaja mashine za kupima joto pembeni mwa reli. Je, zinatosha? Tarehe 3 Februari 2023 treni ya mizigo ilikuwa ikielekea East Palestine, Ohio. Kipimo cha kwanza kiliona beringi ya gurudumu moja ina nyuzi kama 21 za Selsiasi juu ya joto la hewa. Kilomita kama 17 mbele, nyuzi 57. Bado haijafika kiwango cha kupiga king'ora. Kilomita nyingine 31 mbele, nyuzi 140. King'ora kikalia, dereva akaanza kusimamisha, lakini beringi ilishakwisha. Mabehewa 38 yakaacha njia, kemikali zikachomwa, watu wakahamishwa makwao. Angalieni namba hizo tena. Kupanda kwake si kwa mstari ulionyooka. Muda mrefu hakuna dalili, kisha dalili ndogo, kisha ghafla kila kitu. Sisi tulikuwa tumeshatembea na ule wuuuuu tangu Kibaha, na mjomba alikiri alikuwa nao wiki mbili.

Kwa nini iko hivyo? Yule jamaa wa uhandisi aliacha kucheka akanisaidia hapa. Chuma kinachoviringika juu ya chuma kinachoka taratibu chini ya ngozi, hukioni. Siku moja kijipande kinabanduka, panabaki kishimo, na kila gololi ikipita pale inagonga. Huo ndio mvumo. Chenga za chuma zinaingia kwenye grisi na kuchimba mashimo mengine. Mswidi Arvid Palmgren mwaka 1924 alitoa hesabu ya maisha ya beringi, na jambo lililonishtua ni hili: kwa beringi ya gololi, ukizidisha mzigo mara mbili, maisha yake hayapungui nusu, yanabaki sehemu moja ya nane. Sasa fikiria daladala la asubuhi. Fikiria watu watano na buti la mchele. Na hata ukifuata sheria zote, umri ulioandikwa kitaalamu ni ule ambao beringi 90 kati ya 100 zinatarajiwa kuufikisha. Kumi zinakufa kabla, na hakuna anayejua ni zipi.

Si mzigo pekee. Miaka ya 1930 magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni kutoka Detroit yalifika na beringi zenye michubuko, ilhali hayajatembea hata kidogo. Yalikuwa yametikisika palepale njia nzima, gololi zikigonga sehemu ileile bila kuzunguka na grisi ikisukumwa pembeni. Kwetu maadui wakubwa ni mashimo ya barabarani na maji. Sili ikipasuka na ukavuka maji ya mvua, grisi inageuka uji.

Haya, kwa wenye magari au wenye wajomba, nilichojifunza ni hiki. Ukisikia mvumo, kwanza jua unafuata nini. Ukiwa kwenye mwendo, barabara nyeupe, iachie gia iende bure: injini ikishuka na mvumo ukabaki vilevile, si injini, ni kitu kinachozunguka na gurudumu. Ukihama kutoka lami mbovu kwenda lami laini na sauti ikabadilika sana, huenda ni tairi kweli. Beringi haijali lami. Kisha sikiliza kona. Ukikata kulia uzito unahamia kushoto, kwa hiyo sauti ikikua hapo, mshukiwa ni wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwenye kiplefti tunazunguka kwa kukata kulia, hivyo magurudumu ya kushoto ndiyo yanaelemewa, na kiplefti ni mahali pazuri pa kuisikia. Ukisikia tak-tak-tak pale tu unapopinda usukani mpaka mwisho, hiyo kwa kawaida ni jointi ya ekseli, si beringi. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na mvumo, ichunguze, maana kwenye magari mengi kipimo chake kinakaa palepale kwenye habu, na habu ikiyumba kinachanganyikiwa.

Ila msisubiri tairi licheze mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu: watu wengi, na mafundi wengi, wanapiga jeki, wanatikisa, halichezi, wanasema zima. Beringi za magari ya siku hizi zimefungwa kabisa, zinaweza kulia muda mrefu bila kucheza hata kidogo. Ile ya vidole kwenye springi inakwambia mapema zaidi. Na zile zilizofungwa huzikazi wala huziongezi grisi, unabadilisha. Ya koni ya kwenye tela ndiyo inayosafishwa, inapakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Pia fundi akiingiza beringi mpya kwa nyundo, kazuie mkono wake hata kama ni rafiki yako. Kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha alama njiani, umenunua mpya ukaiua kabla haijatembea. Yule mzee wa Chalinze alituma kijana na bodaboda akaipeleke kwenye presi.

Tulifika Morogoro saa tisa mchana. Maziko yalikuwa yamesogezwa kwa ajili yetu, wazee walikubali kusubiri. Mjomba alishika jembe mwenyewe na hakumwachia mtu mpaka mwisho.

Zile gololi za bluu niliziomba. Nne niliwapa watoto wa pale nyumbani, ambao walizikataa kwa sababu haziviringiki vizuri. Zilizobaki ziko mezani kwangu hapa chumbani, juu ya mdesa wa wiki ijayo ambao bado sijaufungua. Asaimenti inatakiwa Ijumaa, kurasa kumi, na mimi ninazo sita. Mwenye kitabu kizuri kuhusu karakana za reli Tabora au Nairobi anigongee mlango.